Tuwapime The Clash kwa madeni waliyolipa

Neno panki lilitufikia wengi wetu katika Afrika Mashariki kupitia kwa kinyozi kabla halijatufikia kupitia redioni. Kijana aliyeketi kitini akaagiza panki alitaka nywele zake zisimame utosini na zipunguzwe kandoni. Hakujua, wala hakuwa na haja ya kujua, kwamba mkato huo ulibeba jina la muziki wa roki wenye kasi na makelele uliozuka New York na London katikati ya miaka ya sabini. Jina lenyewe lilikuwa tusi. Katika Kiingereza cha enzi za Shakespeare lilimaanisha kahaba. Baadaye likawa jina la mhuni asiye na thamani. Hatimaye vijana wale wakaliokota tusi hilo wakalivaa kama joho. Sisi tunaosomesha isimu huyapenda maneno ya aina hii kwa kuwa yanatukumbusha kwamba neno likishatoka kinywani halina mwenyewe. Alitamkaye leo hajui litatamkwa na nani kesho, wala kwa nia gani.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu linahusiana na kesi ninayokusudia kuizungumzia. Mashabiki wa The Clash, kundi la London lililokuwa miongoni mwa waasisi wa panki mwaka 1976, wamo katika mjadala mkali juu ya urithi wa kundi hilo. Takriban nusu karne imepita. Vijana walionunua santuri zile kwa pesa za kibarua sasa ni mababu, na wajukuu wao wanazisikiliza nyimbo zizo hizo kwenye simu. Wapo wanaoshikilia kwamba hapajapata kutokea kundi la roki lenye msimamo na ukweli kama lile. Wapo pia wanaodai kwamba lilikuwa kundi la waigizaji: mtoto wa mtumishi wa ubalozi aliyejifanya maskini, waasi waliotia saini mkataba na kampuni kubwa, Wazungu walionufaika kwa muziki wa watu Weusi. Mimi ni shabiki wao kwa zaidi ya miaka 20. Nimezisikiliza pande zote mbili, na nionavyo mimi, zote mbili zinapima kwa mizani isiyo sawa.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuwasikia, kundi hili lilijulikana zaidi kwa watu wanne. Joe Strummer aliimba na kutunga maneno ya nyimbo nyingi. Mick Jones alipiga gitaa, akaimba na kutunga sehemu kubwa ya muziki. Paul Simonon alipiga besi. Na Topper Headon, aliyejiunga nao mwaka 1977, alipiga ngoma. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka huo wa 1977. Ile iliyowapa sifa kubwa kuliko zote, London Calling, ilitoka Uingereza Desemba 1979, na jina lake halina ugeni kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili. Limetokana na mwito wa BBC wa kujitambulisha hewani kutoka London, mwito ambao watu wa mataifa mengi waliutegea sikio wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, baba na babu zetu nao wakawa miongoni mwa walioitwa. Strummer aliuchukua mwito huo wa dola iliyojiamini, akaugeuza kuwa kilio cha mji unaoogopa mafuriko ya mto Thames na ajali ya nyuklia.

Tuanze na shtaka la nasaba, kwani ndilo linalorudiwa mara nyingi. Ni kweli kwamba Strummer hakuzaliwa Strummer. Alizaliwa Ankara, Uturuki, mwaka 1952, akaitwa John Graham Mellor, baba yake akiwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Utotoni aliishi Cairo, Mexico City na Bonn, kisha akapelekwa shule ya bweni nchini Uingereza. Alipoingia katika muziki alibadilisha jina, na lafudhi ya shule ya bweni akaiacha, akatwaa ile ya mitaa ya London. Wanaomshutumu husema kwamba mtu aliyeuvaa ufukara aweza kuuvua apendapo, ilhali maskini wa kweli hana hiari hiyo. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mick Jones hakuchagua kulelewa na nyanya yake katika nyumba za ghorofa zinazotazamana na barabara kuu ya Westway. Huko ndiko maisha yalikomweka.

Hata hivyo, lafudhi si damu. Mtu wa bara akikaa Mombasa miaka 10 hurudi kwao akisema kama Wamvita, wala hatumwiti mwongo. Twasema amekaa na watu. Swali la haki si mtu alizaliwa katika nyumba gani. Swali ni alikaa na watu hao kwa muda gani, na siku walipofikwa na shida, yeye alikuwa wapi. Naomba msomaji alikumbuke swali hilo, kwa kuwa nitalijibu kabla sijamaliza.

Shtaka la pili ni la kujiuza. Mnamo Januari 1977, kabla hawajatoa hata santuri moja, The Clash walitia saini mkataba wa pauni 100,000 na kampuni ya CBS. Mwandishi wa kijarida kimoja cha mashabiki alitangaza kwamba panki ilikufa siku hiyo. Muda si muda kampuni ikautoa wimbo wao Remote Control bila ridhaa yao, nao wakajibu kwa wimbo Complete Control, unaoilalamikia kampuni hiyo hiyo iliyouchapisha na kuuuza. Wakosoaji huucheka uasi wa namna hiyo, unaopigiwa chapa na tajiri unayemwasi.

Lakini tusiishie kwenye kicheko. Tulifungue daftari la hesabu. London Calling ilikuwa santuri mbili zilizouzwa kwa bei ya moja. Sandinista!, iliyotoka Desemba 1980, ilikuwa santuri 3 zenye nyimbo 36, nayo ikauzwa kwa bei nafuu. Ili kampuni ikubali, kundi lilisamehe mrabaha wake wa nakala 200,000 za mwanzo nchini Uingereza. Aliyeiuza nafsi yake hapunguzi bei kwa hasara yake mwenyewe. Kwa upande wa pili, mwaka 1991 wimbo wao Should I Stay or Should I Go ulitumiwa katika tangazo la suruali za Levi's, na ni tangazo hilo lililoufikisha kwenye nafasi ya kwanza nchini Uingereza, heshima ambayo hawakupata kuipata walipokuwa pamoja. Daftari, basi, lina safu mbili, na asomaye safu moja tu anajidanganya.

Nasaba na mkataba, kwa hiyo, havitatufikisha mbali. Napendekeza kipimo kingine, ambacho nimekizoea katika kazi yangu ya kuchunguza jinsi lugha zinavyokopa. Mwanamuziki, kama lugha, huishi kwa madeni. The Clash walikuwa na madeni matatu: deni kwa waliowakopesha muziki, deni kwa maneno waliyoyapigia kelele, na deni wao kwa wao. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

Deni la kwanza ndilo linalozua maneno mengi zaidi siku hizi. Simonon alikulia katika mitaa ya London iliyokaliwa na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, na reggae ilikuwa muziki wa mtaani kwake. Katika albamu ya kwanza, The Clash waliuimba upya wimbo Police and Thieves wa Junior Murvin wa Jamaika, uliotoka mwaka 1976. Mwaka 1977 walimwomba Lee Perry, fundi aliyeutengeneza wimbo huo wa Murvin, awatengenezee Complete Control. Bob Marley naye, mwaka huo huo, aliimba wimbo wa kuikaribisha ndoa ya reggae na panki na kuwataja The Clash kwa jina. Baadaye zikaja ska, rap, kalipso, jazi na nyimbo za injili. Je, ulikuwa wizi?

Kiswahili kilichukua meza kwa Wareno, sahani kwa Waarabu na shule kwa Wajerumani, wala hakuna aliyekuja kudai alipwe. Lakini tusijifanye kwamba mikopo yote ni sawa. Mkopo kati ya majirani walio sawa si sawa na mkopo ambao mwenye nguvu huuchukua kwa mnyonge. Katika Uingereza ya mwaka 1976, kijana Mweusi aliyeipiga reggae alisimamishwa na kupekuliwa na polisi barabarani kwa kushukiwa tu, ilhali kijana wa Kizungu aliyeiga muziki huo alipata mkataba. Kwa hiyo lazima tuulize: aliyekopa alimtaja mwenye mali? Alimpa nafasi jukwaani?

Katika maswali hayo The Clash wanajitetea vizuri. Mwaka 1979 walipozuru Marekani walimchukua Bo Diddley, mmoja wa mababa wa roki, afungue maonyesho yao. Mikey Dread wa Jamaika alisafiri nao na kuwatengenezea muziki. Na mwaka 1981, walipopiga maonyesho 17 katika ukumbi wa Bond's mjini New York, waliwaalika Grandmaster Flash and the Furious Five, vijana wa Bronx waliokuwa wakiijenga rap. Mashabiki wa The Clash, wengi wao Wazungu, waliwazomea vijana wale na kuwarushia vitu mpaka wakashuka jukwaani.

Hapa ndipo ninapotaka mashabiki wenzangu tutulie kidogo. Tumekuwa wepesi wa kuliweka kundi kizimbani, tukasahau kwamba usiku ule aliyefilisika ni shabiki. Kundi lilikuwa limeisikia rap na kuielewa. Lilikuwa limekwisha kuiimba kwa njia yake katika wimbo The Magnificent Seven. Shabiki alitaka muziki wa waasi, lakini uasi wenyewe alitaka uwe ule ule wa jana. Vivyo hivyo kwa Sandinista!: ilipotoka wengi waliicheka, wakasema ni mrundo wa kila kitu. Leo wengi wa mashabiki hao hao wanaisifu kwamba iliwaona wanamuziki wa kesho kabla hawajafika. Na mkopo huo uliendelea kuzunguka. Mwaka 2007 M.I.A., mwimbaji wa London mwenye asili ya Watamil wa Sri Lanka, aliuchukua mlio wa wimbo wao Straight to Hell, unaozungumzia wahamiaji na watoto walioachwa Vietnam na wanajeshi wa Marekani, akaujengea wimbo wake Paper Planes. Waliokopa nao wakakopwa, na safari hii mkopaji alikuwa mtoto wa wahamiaji wale walioimbwa.

Deni la pili ni gumu zaidi, na ni hapa nisipoweza kuwaondolea lawama. Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwenzangu alinipa kanda ya albamu yao ya kwanza. Niliposoma orodha ya nyimbo nikakuta White Riot, jina linalotaja ghasia za Wazungu, niliirudisha kanda ile bila kuisikiliza. Niliamini ni wimbo wa wabaguzi. Ilinichukua zaidi ya mwaka kujua nilichokikataa. Agosti 1976 Strummer na Simonon walijikuta katikati ya tamasha la Notting Hill, wakati vijana Weusi walipopambana na polisi. Wimbo ulitokana na siku ile. Uliwashangaa vijana wa Kizungu waliokaa kimya huku wenzao wakitetea haki yao, ukawataka nao wawe na sababu ya kusimama.

Mimi nilikosea, lakini sikukosea peke yangu, na mwalimu wa lugha anapaswa kuuliza kwa nini. Jina la wimbo ni kama mlango: wengi hulisoma wakiwa nje, wasiingie. Wapo Wazungu waliousikia wimbo ule wakafurahi kwa sababu zile zile zilizonifanya mimi niukimbie. Msanii aliyechagua maneno mawili yawezayo kubebwa na adui yake hawezi kujitetea kwa kusema hakukusudia. Ana wajibu wa kwenda alikokwenda yule adui na kulirudisha neno lake.

Naam, kwa sehemu walikwenda. Mwaka 1976 ilikuwa imeanzishwa harakati ya Rock Against Racism, baada ya Eric Clapton kusimama jukwaani mjini Birmingham na kumsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji. Tarehe 30 Aprili 1978 harakati hiyo, pamoja na Anti-Nazi League, iliongoza maandamano kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa London. Makumi ya maelfu walihudhuria. The Clash walipiga pale, pamoja na Steel Pulse, X-Ray Spex na Tom Robinson Band, na White Riot ikaimbwa mbele ya umati uliokuja kuupinga ubaguzi. Siku ile neno lilirudishwa kwa mwenyewe.

Lakini ni siku iyo hiyo ambayo Strummer alipanda jukwaani amevaa fulana yenye jina la Brigate Rosse, kundi la wapiganaji wa Italia. Wakati ule kundi hilo lilikuwa limemteka nyara Aldo Moro, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Italia. Siku 9 baada ya tamasha, Moro aliuawa, na maiti yake ikakutwa ndani ya gari mjini Roma. Mashabiki wengi huipita fulana hiyo kwa haraka, wakisema yalikuwa mambo ya ujana. Mimi siipiti. Mtu aliyekuja kuutetea utu wa jirani yake hakupaswa kuvaa kifuani jina la wanaomfunga mtu mwingine chumbani wakimsubirisha kifo. Hapa deni halikulipwa, na kuwapenda hakutuondolei wajibu wa kusema hivyo.

Jina la Sandinista! nalo lina hesabu yake. Kundi liliwaenzi wapiganaji wa Nikaragua waliomwangusha dikteta Somoza Julai 1979, hata namba ya santuri ikawa herufi za chama chao, FSLN. Lilikuwa jambo la ujasiri, na wakati ule lilikuwa la haki. Lakini Daniel Ortega, mmoja wa viongozi wa mapinduzi yale, alirejea madarakani mwaka 2007, na mwaka 2018 serikali yake ikazima maandamano ya wananchi kwa risasi, mamia wakauawa. Je, The Clash walikosea mwaka 1980? Sidhani. Anayempongeza mkombozi siku ya ukombozi hawezi kuhukumiwa kwa yale atakayoyafanya mkombozi huyo miaka karibu 40 baadaye. Sisi Waafrika tunalijua hilo kuliko wengi, kwani tumezipa barabara na viwanja vyetu majina ya watu kabla hatujajua watamaliza vipi. Anayehukumiwa ni yule anayeendelea kulitamka jina hilo leo kwa ushabiki wa jana, akajifanya hajasikia risasi.

Mfano wa mwisho wa deni hili ni wimbo Rock the Casbah wa mwaka 1982. Ni hadithi ya mtawala aliyepiga muziki marufuku na marubani waliokataa kuwapiga mabomu watu wake. Ilichochewa na habari za muziki kupigwa marufuku Iran baada ya mapinduzi ya mwaka 1979. Lakini katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, redio ya wanajeshi wa Marekani iliupiga wimbo huo kwa fahari, na waliokuwa karibu na Strummer wamesimulia alivyoumia aliposikia kwamba maneno yake yameandikwa juu ya bomu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kampuni kubwa ya redio ya Marekani, Clear Channel, ikauweka wimbo uo huo katika orodha ya nyimbo zisizofaa kupigwa. Katika muda wa miaka 10 wimbo mmoja ulikuwa silaha kisha ukawa hatari, bila neno lake hata moja kubadilika. Kwa hili sioni kosa la mtunzi. Aliyeandika juu ya bomu hakuusikiliza wimbo hadi mwisho.

Deni la tatu ni lile la wao kwa wao, na ndilo lililowavunja. Muziki wa Rock the Casbah ulitungwa na Topper Headon, ambaye pia alipiga ngoma, piano na besi katika wimbo huo. Mei 1982, wiki chache kabla wimbo haujatolewa, alifukuzwa kwa sababu ya heroini. Katika filamu iliyotengenezwa kuutangaza wimbo, anayeonekana akipiga ngoma ni mtu mwingine. Mwaka 1983 akafuata Mick Jones. Waliobaki wakaajiri vijana wengine, na mwaka 1985 ikatoka albamu Cut the Crap, ambayo ilidharauliwa kiasi kwamba mkusanyiko mkubwa wa kazi za kundi uliotolewa mwaka 2013 haukuitia ndani. Mwaka 1986 jina la The Clash likazikwa.

Walioimba kuhusu mshikamano wa wanyonge walishindwa kumshika mkono mwenzao aliyekuwa akizama. Siamini kwamba ilikuwa rahisi. Aliyepata kuishi na ndugu aliyetekwa na mihadarati anajua kwamba kuna siku uvumilivu huisha. Lakini nafurahi kwamba katika tathmini ya sasa mashabiki wanampa Headon haki yake. Wanasema waziwazi kwamba bila mpiga ngoma mwenye uwezo wa kuhama kutoka roki hadi reggae hadi jazi, upana wa London Calling na Sandinista! usingewezekana. Hilo ni deni ambalo shabiki anaweza kulilipa kwa niaba ya kundi.

Sasa nirudi kwenye swali nililoliacha: watu walipofikwa na shida, mtoto yule wa mtumishi wa ubalozi alikuwa wapi? Tarehe 15 Novemba 2002, wazimamoto wa Uingereza wakiwa katika mgogoro wa mishahara, Strummer alipiga onyesho la kuchangia chama chao katika ukumbi wa Acton, magharibi mwa London. Alikuwa na kundi lake jipya, Mescaleros. Mick Jones alikuwa miongoni mwa watazamaji. Nyimbo za zamani zilipoanza, Jones alipanda jukwaani bila kualikwa, akachukua gitaa, na wawili hao wakapiga pamoja hadharani kwa mara ya kwanza katika muda wa karibu miaka 20. Wiki 5 baadaye, tarehe 22 Desemba, Strummer alikufa ghafla nyumbani kwake kwa kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Mtu aliyeuvaa ufukara kama vazi la jukwaani angalikwisha kulivua zamani. Huyu alikuwa na miaka 50, jina lake tayari liko salama, na bado alikuwa akiimbia mfuko wa wagomaji katika ukumbi wa mtaa. Na mtu aliyemfukuza mwenzake alimpa nafasi jukwaani pasipo maneno mengi. Madeni mawili yalilipwa usiku mmoja.

Huenda msomaji akauliza mambo haya ya London yanatuhusu nini. Nakumbuka mwaka 2002 huo huo, hapa kwetu, Gidi Gidi Maji Maji walitoa wimbo Unbwogable, neno walilolifinyanga kwa kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya kutishika na viambishi vya Kiingereza. Wimbo ulikuwa wa vijana wawili waliokataa kutishwa na maisha. Wanasiasa wa NARC wakautwaa, ukawa wimbo wa uchaguzi. Nasi tunao wanamuziki ambao tunawaamulia leo kwamba ni watakatifu, na kesho, wakionekana na mwanasiasa au katika tangazo la biashara, tunawatangaza wasaliti. Tunawauliza walizaliwa wapi, walisoma shule gani, Kiswahili chao ni cha mtaa gani. Ni maswali ya karani wa kitambulisho, si ya msikilizaji.

Tuwaulize mengine. Mlipokopa, mlimtaja mwenye mali? Neno lenu lilipotekwa, mlitoka kwenda kulikomboa? Mwenzenu alipoanguka, mlimrudia? The Clash, kwa maswali hayo, wamefaulu la kwanza kwa heshima, la pili kwa nusu, na la tatu kwa kuchelewa. Si matokeo ya malaika, na fulana ile ya Victoria Park itabaki katika daftari lao daima. Lakini ni matokeo ya watu waliojua kwamba wanadaiwa, na kukopa harusi, kulipa matanga. Wao matanga yale waliyahudhuria. Nasi mashabiki, kabla hatujawapa hukumu ya mwisho, tukumbuke ukumbi wa Bond's mwaka 1981 na kujiuliza ni kijana gani wa leo tunayemrushia chupa kwa sababu tu hapigi muziki wa jana.